Trente-six Virgule Cinq ya Kaswera

CT Ézéchias alilamba kidole. Njo vile alianzaka kila mara: analamba kidole, anafungua ukurasa moja ya kaye, ile daftari ya vipimo, analamba tena, anafungua ingine. Na ile kaye haikuwa yake, ilikuwa ya Kaswera. Kurasa zote zilikuwa zimejikunja pembeni juu ya mate ya yule bwana, na kila wakati Kaswera alitaka kuandika namba pale, alisikia kinyaa. Mutu na madiplome yake yote, chef de travaux mzima ku chuo, njo ile CT, batu banasimama akipita! Mama yake hakumwambia kama mate inakaaka mu kinywa?

"Mama Kaswera," CT akasema, "hii courbe yako, huu musitari, inatoka wapi?"

"Inatoka ku grafini, Chef. Nilipima jana asubuhi."

"Hapana. Hii si grafini. Hii ni haya mbele ya batu."

Tuseme kwanza hii grafini ni kitu gani, juu kuko batu hapa Butembo banafikiri ni dawa ya nguvu za kiume. Ni makaa, ile ile iko mu crayon ya batoto ba shule, mais ni ngozi moja tu, nyembamba mpaka jicho haiwezi kuiona. Profesa mumoja wa Ulaya alituma kipande yake, imelazwa juu ya kigae kadogo sawa ukucha wa kidole gumba. Jemima, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, njo alipewa kazi yake ya mémoire, kitabu ya kumaliza masomo: ordinateri yake, ile kompyuta, ihesabu namna umeme unapaswa kupita mu ile ngozi, kiisha Kaswera apime ku laboratware namna unapita kweli, na Jemima aweke zote mbili pamoja, batu balinganishe.

Kazi yenyewe haikuwa ya kichawi. Unasukuma na volti kwa chini ya kigae, unaongeza pole pole, na unaangalia umeme wa juu. Mara ya kwanza unapita muzuri, kiisha unapungua, unapungua, unafika ku chini kabisa, halafu unapanda tena. Ukichora ku karatasi inakuwa bonde. Ordinateri ya Jemima ilisema chini ya bonde iko pa zero, kati kati kabisa, na milima mbili zimesimama huku na huku zenye kulingana. Mashine ya Kaswera ilionyesha ingine kabisa. Bonde yake ilikuwa imesukumwa mbali ku mukono wa kuume, na umeme wenye ulipita haukufika hata nusu ya ule wa ordinateri.

"Donc," CT akasema, na kidole ingali na maji, "hizi namba utazipanga."

Kupanga! Sikieni tu ile neno. Hapa kwetu mutu anapanga viti kabla ya matanga, anapanga sahani mu kabati, anapanga nyumba akikosa yake. Neno ya heshima, ya mama mwenye usafi. Halafu bakubwa ba bureau bakaichukua, bakaifanya kitambaa ya kufunika uchafu. Karatasi ya gari imekufa? Batapanga. Mutoto hakupita mutihani? Batapanga. Na hakuna mwenye anasema kudanganya, hata kidogo, kudanganya ni kazi ya mwizi.

CT akamufundisha namna ya kupanga, bila haya. Achukue musitari wa ordinateri. Point hii aishushe kidogo, ile aipandishe kidogo, moja aiache ipotee mbali, ili ionekane imetoka ku mukono ya mutu. Zero ikae pa zero. Kiisha asaini fiche, ile karatasi ya vipimo, juu ku ile chuo hakuna mwanafunzi anaweza kufanya défense, kutetea kazi yake mbele ya baprofesa, bila fiche yenye saini ya préparateur, mwenye kupima ku laboratware, na préparateur alikuwa Kaswera peke yake.

"Défense ni siku ya tano ya hii juma," CT akasema. "Yule profesa wa Ulaya atatuangalia mu téléphone. Unataka aone kama Butembo hatujue kupima? Na contrat yako, Mama, inaisha mwezi wa kumi na mbili. Mi njo ninaandikaka rapport."

Akatabasamu. Kati ya meno yake kulikuwa kipande ya majani ya sombe ya muchana. Kaswera akaangalia chini.

Kaswera alikuwa mwanamuke wa miaka makumi tatu na minane, mufupi, mwenye sauti ya chini. Alizaliwa ku Beni, mu commune ya Beu, karibu na soko, na mama yake, Mama Kahongya, angali anaishi kule. Alisoma fizikia, akafundisha kidogo, akatengeneza maradio kidogo, na sasa ilikuwa mwaka wa tano iko ku laboratware ile, chumba moja ya mabati juu ya kilima, dirisha inaangalia upande wa Rughenda, ku kiwanja ya ndege. Ndege ikishuka kule, meza yote inatetemeka na lazima mutu angojee.

Umeme ya muji hakuiamini. Inapanda, inashuka, inacheza. Ile ya groupe, ya jenereta, inatetemesha sindano. Basi alipimaka na mapile, betri zile kadogo za neuf volts, volti kenda: saba zimefungwa pamoja kwa fito ya waya, zinafanya soixante-trois, makumi sita na tatu, na pembeni kifungo ya radio ya zamani ya kuongeza na kupunguza. Na mbele ya kuzifunga, kila asubuhi, pile moja moja alikuwa anaiweka ku ulimi. Ikiuma, iko hai. Ikinyamaza, anaitupa. Wanafunzi balikuwa banacheka mpaka machozi. Hakuna siku hata moja aliwaelezea juu ya nini hawezi kupima kitu na pile yenye hakuonja.

Sasa kuko jambo moja Kaswera hakuambia CT. Kama bonde ilisukumwa mbali, sawa, hiyo ingemuacha alale. Mais ilisukumwa mpaka wapi? Alizungusha kifungo pole pole, umeme ukashuka, ukafika chini kabisa, na sindano ya volti ikasimama pa trente-six virgule cinq, makumi tatu na sita na nusu. Akarudisha, akaanza upya. Trente-six virgule cinq. Mara ya tatu, ile ile. Akaweka bic, kalamu yake, chini, akatoka inje, akashika muti wa eucalyptus nyuma ya choo na akatapika chai yote ya asubuhi.

Juu ile namba alikuwa anaijua. Ilimukaa mu mwili tangu wakati ya Ebola.

Wakati ile alikuwa hana kazi, bakamupa kazi ku barrière moja, kizuizi ya njia, upande wa Mabalako, ku njia ya kutoka Mangina. Hema, ndoo ya maji ya klori, meza, na pistole ya kupima homa, ile unanyoshea mutu ku paji la uso bila kumugusa. Kila mutu mwenye anapita anapimwa, anaandikwa mu registre, na anapewa kakaratasi kenye jina, tarehe na namba ya joto, ya kuonyesha ku barrière ya mbele. Siku moja saa nne ya asubuhi, pistole ikazima. Pile ilikufa. Akapigia mukubwa wake simu. Mukubwa akasema: "Usifunge njia, batu batatupiga mawe. Andika trente-six virgule cinq, njo ya batu bote. Kesho nitaleta pile."

Na Kaswera akaandika. Tangu saa nne mpaka saa kumi ya mangaribi, batu mia mbili na kumi na mbili, trente-six virgule cinq, trente-six virgule cinq, mukono ikachoka. Na hakuandika tu. Ili batu basijue, kila mumoja alimunyoshea ile pistole ya kufa ku paji, akangojea kidogo, akatikisa kichwa sawa mutu mwenye ameona kitu. Aah, Kaswera! Hata kuhadisia inanichukiza.

Kati ya bale mia mbili na kumi na mbili kulikuwa Asumani. Mutu wa transport, alikuwa anabeba mafuta ya ngazi, mawese, na pikipiki, jirani ya mama yake kule Beu, nyumba na nyumba. Alivyomuona alifurahi sana.

"Ah, jirani! Njo weye unapimaka huku? Basi sema kweli, niko na moto? Tangu asubuhi nasikia baridi."

Kaswera akamunyoshea ile kitu ya kufa. Akatikisa kichwa. Akaandika.

"Asante sana," Asumani akasema. "Umetuliza roho yangu." Akaenda kwake.

Kisha siku kumi akakufa ku centre kwenye balikuwa banatunza bagonjwa ba Ebola. Registre haikumushitaki Kaswera, na mukubwa wake hakumushitaki pia. Karatasi zilikuwa safi kabisa. Mais Amina, muke ya Asumani, alikuta kale kakaratasi mu mufuko ya shati, akakaweka mu plastiki, na ku matanga alikuwa anaonyesha kila mutu: "Angalieni, jirani yetu alimupima na mukono yake. Trente-six virgule cinq! Bwana yangu alitoka Mangina muzima. Ni kule ku centre njo balimuua." Kaswera alikuwa amekaa palepale ku mukeka, kikombe ya chai mu mukono. Akakunywa ile chai. Akasema pole. Tangu ile siku Amina hakukanyaga ku hopital yoyote, hakukubali docta amuguse, hata jicho yake ya kushoto ikaanza kuharibika akaifunga na kitambaa tu. Na Kaswera, kila Noeli akienda kusalimia mama yake, alikuwa anapita ile mulango mbio mbio.

Basi sasa munaelewa ile chai ilitapikwa juu ya nini. Aliogopa kama ni mukono yake imeizoea, inaiandika yenyewe bila ruhusa. Akaita Jemima.

"Kaa hapa. Mi nitazungusha kifungo na nitaangalia ukuta. Umeme ukifika chini kabisa, andika volti ku karatasi, usiniambie."

Jemima alikuwa musichana mwenye akili nyepesi, wa Lubero, mukono safi ya kuandika. Akaandika mara tano. Kaswera akageuka, akasoma. Mara tano zote zilikuwa hapo hapo, trente-six na nusu.

"Yaya, tumeharibu kitu?" Jemima akauliza; njo vile anaitaka dada mukubwa.

"Sijue. Leta mbabula."

Bakawasha makaa mu ile jiko, bakaweka kigae cha sakafu juu ya mbabula, na juu ya ile kigae bakaweka grafini saa nzima, bakapima ingali na joto. Bonde ikasogea! Ikafika pa douze, kumi na mbili. Bakafungua dirisha, ukungu ya Butembo ikaingia vile inaingiaka kila siku, na kufika mangaribi bonde ilikuwa imerudi mpaka trente na kitu. Kesho yake asubuhi, trente-six virgule cinq. Kaswera akacheka, mara ya kwanza mu ile juma yote. Maji ya hewa, njo hiyo. Ile ngozi haina unene wowote, hata pumzi ya mutu inaisumbua, na inakaa mu muji yenye inaamka kila siku ndani ya ukungu. Ordinateri ya Jemima ilihesabu grafini yenye haijawahi kulowa. Hakuna mwenye alikosa. Tofauti yenyewe njo ilikuwa mémoire, na nzuri kuliko ile ya kwanza.

Akamwambia CT yote hii, na mbabula, na ukungu. CT alisikiliza mpaka mwisho, akilamba kidole.

"Mama Kaswera, mi sikukuomba unipikie sombe ku laboratware. Zero."

Siku ya pili mangaribi Jemima akakuja na fiche mu mukono. CT alikuwa amemaliza kuijaza yeye mwenyewe: namba zote zimepangwa, zero pa zero, kapoint kamoja kamepotea mbali vile alisema. Ilibaki tu saini. Kaswera akaisoma, na kinyaa ikamushika tena, mbaya kuliko ya kwanza, juu ilikuwa safi sana. Musitari mwembamba, namba zinasimama muzuri, hakuna hata doa. Uchafu yenye harufu, mutu anaiona na anaruka. Hii ilikuwa imeogeshwa.

"Saini tu, Yaya," Jemima akasema. "Naomba. Nikikosa ile siku ya tano, CT alisema nitangojea mwaka mzima. Baba yangu amekwisha kualika batu ba Lubero."

"Weye mwenyewe uliandika ile namba, Jemima. Mara tano."

"Najua."

"Basi?"

"Basi ni namba tu! Nani atakufa juu ya bonde ya grafini?" Machozi ikamutoka, hasira pia. "Weye, Yaya, haujawahi kuandika namba yenye haukupima? Hata moja? Apa mbele ya Mungu."

Kaswera angeweza kusema hapana. Ilikuwa nyepesi, neno moja, na yule mutoto angeamini. Mais ile hapana ikamukatalia mu kinywa. Akakaa ku kiti, akamuhadisia: pistole, mia mbili na kumi na mbili, Asumani, baridi ya tangu asubuhi, kakaratasi mu plastiki, chai ya matanga, jicho ya Amina. Hakuacha kitu. Hakuna mutu alikuwa ameambia mbele, hata padri.

Jemima akapangusa machozi na mukono.

"Na ule mama, ulimwambia?"

"Hapana."

"Tangu Ebola mpaka leo?"

"Hapana, Jemima."

Jemima akavuta kiti yake nyuma. Kidogo tu, mais Kaswera aliona: alivuta vile mutu anavuta nguo yake karibu na mufereji. "Aha," akasema. "Ule mama anaoza jicho juu ya uongo yako, na weye unakuja kunipa mafundisho ya zero. Usinifundishe kitu, Yaya. Tafazali." Akaacha fiche ku meza na akatoka.

Siku ya tatu asubuhi Kaswera akachukua pikipiki ya Beni. Njia yote, soldat ku barrière hii, soldat ku barrière ile, yeye alikuwa anafikiri tu neno ya kuanzia, na zote alizitupa. Akafika Beu kabla ya saa sita. Hakupita kwanza kwa mama yake. Akabisha ule mulango mwingine.

Amina alikuwa ku lupango, inje ya nyumba, anapima mafuta ya ngazi mu chupa. Alimukaribisha vile anakaribishaka jirani, akamutafutia kiti, akauliza habari ya Butembo, habari ya baridi ya kule. Kile kitambaa cha ku jicho kilikuwa na maji ya kimanjano, inzi zinatua, anazifukuza bila kuwaza. Kaswera akasikia harufu yake na hakuomba ruhusa ya kusogea.

"Mama Fadhili," akasema, akimuita kwa jina ya mutoto yake, "ile kakaratasi ya Baba Fadhili, ungali nako?"

"Nitakaweka wapi, jirani? Kako."

Akaenda kukaleta. Plastiki ilikuwa imekuwa nyeupe juu ya kushikwa, mais wino ilikuwa pale: Asumani, tarehe, trente-six virgule cinq, na ile cinq yenye mukia murefu, vile Kaswera anaandikaka mpaka leo.

"Hii mukono ni yangu," Kaswera akasema.

"Najua ni yako. Njo maana naichunga. Karatasi ya mutu ingine ningeitupa. Mais hii, jirani alimupima."

"Sikumupima."

Amina akainamisha kichwa, sawa mutu mwenye hakusikia muzuri.

"Pistole ilikuwa imekufa, Mama Fadhili. Pile iliisha tangu saa nne. Balituambia tuandike ile namba kwa batu bote, na mi nikaandika. Nilimunyoshea tu ku paji. Aliniambia iko na baridi, tangu asubuhi anasikia baridi. Nikatikisa kichwa."

Kuku ikapita kati yabo. Ku soko mutu alikuwa anaita bei ya samaki na kipaza sauti. Amina aliangalia kakaratasi, akaangalia Kaswera, na ile jicho moja yenye ilibaki.

"Alikuwa na ngapi?" akauliza.

"Sijue."

"Hapana, sema. Leo unasema kweli, si ndiyo? Basi sema yote. Bwana yangu alikuwa na ngapi ile siku?"

"Mama Fadhili, sijue. Sikupima."

Na hapo, batu bangu, njo Kaswera alielewa uchafu wake kipimo yake yote. Ile grafini, ukikosa, unafunga mapile upya na unapima tena, mara tano, mara kumi, na inakujibu. Asumani hakuna mwenye atamupima tena. Ile namba ya kweli haiko mahali popote, hata mu kichwa ya mwenye alikuwa naye uso kwa uso. Alikuja kuleta kweli, na mu mukono yake hakukuwa kitu ya kuleta.

"Mi niliapa juu ya hii," Amina akasema pole pole. "Niliapa mbele ya batu kama balimuua. Docta alikuja hapa ku mulango, kijana tu, alikuja na adabu, kunieleza. Nikamumwagia maji chafu. Batu bakapiga makofi." Akagusa kile kitambaa ya jicho. "Dada yangu alisema twende banipasue hii. Nikasema bale ni bauaji. Niko na karatasi, nikasema. Niko na karatasi ya jirani."

"Nisamehe."

Amina akatema mate chini, karibu na kiatu ya Kaswera. Halikuwa tusi ya kupangwa, ilimutoka tu. Halafu akashika ile plastiki pembeni kabisa, na vidole viwili, na mukono wa kunyoosha, vile mutu anatoa panya ya kufa nyuma ya gunia, na akaitia mu mikono ya Kaswera.

"Beba taka yako."

Akaenda ku ndoo, akachukua sabuni, na akanawa mikono. Mbele, nyuma, kati ya vidole, mpaka ku kifundo, vile balitufundisha bote wakati ya Ebola. Alinawa murefu. Hakugeuka tena. Kaswera akatoka na kale kakaratasi mu mukono, akarudi Butembo na ile pikipiki, na njia yote hakuweza kujua akaweke mu mufuko gani.

Siku ya ine asubuhi na mapema, ukungu ingali ku dirisha, akaonja mapile yake saba, akayafunga, akapima mara ya mwisho. Ile fiche ya CT, yenye kuoga, akaipasua vipande vine. Akachukua fiche mupya na akaijaza na mukono yake, pole pole. Ordinateri: chini ya bonde pa zero. Kipimo: trente-six virgule cinq. Kisha saa moja ku mbabula: douze. Umeme wenye unapita: chini ya nusu ya ule wa ordinateri. Sababu: maji ya hewa na uchafu wenye ulibaki ku ngozi. Ile cinq aliiandika na mukia wake murefu, hakuificha. Akasaini.

Jemima akaingia, macho yake ilikuwa imevimba. Akasoma fiche ikiwa ku meza, bila kuigusa.

"Ulienda?"

"Nilienda."

Jemima hakuuliza balimupokea namna gani. Labda aliona ku uso. Akakaa, akafungua ordinateri yake, akatafuta ile ukurasa yenye bonde mbili zimelaliana muzuri, na akaifuta. Akaanza kuandika ingine. Kisha kidogo akauliza namna ya kuandika ukungu mu Kifaransa cha mémoire, na Kaswera akamwambia.

CT Ézéchias akakuja saa tatu. Akaona vipande vine mu kitunga ya takataka, akaona fiche mupya. Damu ikamupanda mpaka ku masikio.

"Trente-six virgule cinq," akasoma. "Trente-six virgule cinq! Mbele ya mutu wa Ulaya! Mama Kaswera, nani alikutuma kuandika hii namba?"

"Hakuna mutu alinituma, Chef. Hii nilipima."

CT akaitupa ile fiche ku meza. Akasema kitu ya mwezi wa kumi na mbili, ya rapport, na Kaswera alimusikia muzuri kabisa. Kiisha, vile alizoea, CT akanyoosha mukono ku kaye na akapandisha kidole ku ulimi. Kaswera akaivuta ile kaye ku meza, akaiweka mu sakoshi yake pamoja na kale kakaratasi, na akafunga zipu.